Mtu Kwao, Faili Kwao

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo twende Boko, kando ya barabara ya Bagamoyo, alikokuwa akikaa binti aitwaye Asha.

Asha aliandika programu ya Python ya kusoma hadithi iliyo kwenye faili. Njia ya kulifikia faili akaiandika hivi: /home/asha/hadithi/sungura.txt. Kwake ikafanya kazi vizuri. Akaitia programu kwenye flashi pamoja na folda ya hadithi, akampelekea binamu yake Juma, Mbagala. Juma akainakili folda hiyo kwenye folda yake ya nyumbani, akaiwasha programu. Ikagoma: faili halipo.

"Dada Asha, mbona umeniletea programu mbovu?"

Tuitazame ile njia. Mkwaju wa mwanzo, yaani alama hii /, ni shina la kompyuta nzima. Kila mkwaju unaofuata ni kona: ukiifikia, unaingia ndani zaidi. Asha alisema: anzia shinani, ingia home, kisha ingia kwa asha. Lakini kwenye kompyuta ya Juma hakuna kwa asha. Kuna kwa juma. Ingekuwa Windows, angekuta C:\Users\juma.

Asha akafupisha: hadithi/sungura.txt. Hiyo ni sawa na kumwambia mgeni, "Kata kushoto, nyumba ya tatu." Akiwa amesimama pale ulipokusudia, atafika. Akiwa bado Tegeta, atabisha hodi kwa watu wengine. Na programu ni hivyo hivyo: ikiwashwa ukiwa folda nyingine, itapotea.

Sasa fikirini kengele ya mwisho shuleni. Mwalimu anasema, "Haya, nendeni nyumbani." Mmoja anashika njia ya Boko, mwingine Bunju, mwingine Tegeta. Neno ni moja tu, na kila mtoto anafika kwao.

Kompyuta nayo ina neno hilo: kiwimbi hiki, ~. Mwaka 1976 ilitoka Marekani mashine iitwayo ADM-3A, na kitufe chake cha kiwimbi ndicho kilichoandikwa pia HOME, yaani nyumbani. Lakini angalieni sana! Kiwimbi kinaeleweka kwenye dirisha la kuandikia amri la Linux. Ukiiambia Python open("~/hadithi/sungura.txt"), itatafuta folda yenye jina la kiwimbi, na haitaiona. Andikeni hivi:

from pathlib import Path
njia = Path.home() / "hadithi" / "sungura.txt"

Path.home() huuliza kwanza: wewe unayeniwasha, kwenu wapi? Kisha huifuata njia kuanzia hapo, iwe Linux au Windows.

Asha akarekebisha programu kwa mistari hiyo, akaituma. Jioni ile sungura akatokea Mbagala, kama alivyotokea Boko.