Kilimo cha njegere katika bustani ya nyumbani

Njegere (nchini Kenya pia: minji) ni mbegu za mnjegere (Pisum sativum), mmea wa mwaka mmoja katika familia Fabaceae, pamoja na maharagwe na kunde. Hulimwa mashambani na pia katika bustani ndogo za nyumbani.

Hali ya hewa

Mnjegere hupenda baridi. Hukua vizuri kwenye nyuzi joto 13 hadi 18 za Selsiasi. Joto likizidi takriban nyuzi 27, maua hupukutika na maganda huwa machache. Ndiyo sababu katika Afrika ya Mashariki hustawi katika nyanda za juu, kama vile Lushoto (Tanzania) na Nyandarua (Kenya), lakini huzaa kwa shida pwani. Anayekosea msimu huambulia majani bila mavuno, na mbolea haiwezi kurekebisha kosa hilo.

Upandaji

Udongo unatakiwa kuwa tifutifu, usiotuamisha maji, uliochanganywa na samadi iliyooza. Mbegu hufukiwa kwa kina cha sm 3 hadi 5, zikiachana sm 5 hadi 8. Aina ndefu huwekewa fito au wavu wa kutambalia. Zikikosa egemeo, hulala chini na maganda huoza.

Mizizi ina vinundu vyenye bakteria wa jenasi Rhizobium, ambao hugeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Kwa hiyo mbolea nyingi ya nitrojeni haihitajiki. Huongeza majani kuliko maganda. Baada ya mavuno, mashina hukatwa na mizizi huachwa udongoni ili inufaishe zao linalofuata, kwa mfano sukuma wiki.

Uvunaji

Maganda huwa tayari takriban wiki 3 baada ya maua kuchanua. Yakichelewa kuvunwa, sukari ya njegere hugeuka kuwa wanga, nazo huwa ngumu na kupoteza utamu. Mabadiliko hayo huendelea hata baada ya kuchumwa, hivyo njegere za bustanini zikipikwa siku ileile huwa tamu zaidi. Kuchuma mara kwa mara huufanya mmea uendelee kuzaa.

Mbegu

Maganda machache yakiachwa yakauke kwenye mmea, hutoa mbegu za msimu ujao. Kwa kuwa maua kwa kawaida hujichavusha yenyewe, miche hufanana na mmea mzazi, isipokuwa mbegu za chotara. Gregor Mendel alinufaika na sifa hiyo katika majaribio yake kuhusu urithi, aliyoyafanya katika bustani ya monasteri mjini Brno kati ya miaka 1856 na 1863.