Soga katika Kundi la Jumuiya: Upotevu wa Muda au Shule ya Upendo?

Jumuiya ndogo ndogo nyingi za Kikristo siku hizi, pamoja na kusali nyumba kwa nyumba, zina kundi la WhatsApp. Humo hupita matangazo ya Misa, michango ya misiba na zamu za usafi wa kanisa. Lakini kinachopita kwa wingi zaidi ni soga: salamu za asubuhi, mvua ya jana, bei ya maharage, mtoto aliyeota jino, timu iliyofungwa. Baadhi ya viongozi huyaona hayo kuwa upuuzi unaomaliza bando, wakaamua kulifunga kundi ili waandike wao peke yao. Kabla ya kuchukua hatua hiyo, inafaa tutafakari.

Mazungumzo mema ni haki ya jirani

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 13, aliuhesabu uchangamfu katika maongezi kuwa fadhila iliyo chini ya fadhila ya haki. Hoja yake ni kwamba binadamu ameumbwa kuishi na wenzake, na jamii haiwezi kudumu bila ukweli wala bila furaha. Kwa hiyo neno la upole kwa jirani ni jambo tunalowiwa naye. Alifundisha pia kwamba roho huchoka kama mwili na huhitaji kuburudishwa kwa maneno na michezo yenye kiasi.

Bwana wetu mwenyewe hakuyadharau maongezi ya njiani. Kwa wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau, alianza kwa kuwauliza walikuwa wakizungumza nini (Lk 24:13-35). Kwa mwanamke Msamaria alianza kwa kuomba maji ya kunywa (Yn 4:7).

Anayezoea kusalimu, ukimya wake husikika

Salamu yetu "hujambo" ni swali: je, huna jambo? Mara nyingi tunajibu "sijambo" hata tukiwa na mambo mazito. Ndiyo maana soga za kila siku zina thamani. Mjane anayeishi peke yake, ambaye kila alfajiri huwatakia wanajumuiya siku njema, akinyamaza siku mbili, mtu atauliza: "Mama yuko wapi?" Huenda amelazwa, au amefiwa, au amekosa chakula. Kundi likifungwa, ukimya wake hautatofautiana na ukimya wa wengine, na jumuiya itapata habari zake siku ya kutangaziwa msiba.

Mipaka ya ulimi na ya kidole

Hata hivyo, soga huteleza kwa urahisi na kuwa umbea. Katika Wosia wa Kitume *Gaudete et Exsultate* wa mwaka 2018, Papa Fransisko alitoa mfano wa mwanamke aliyekutana na jirani sokoni. Masengenyo yakaanza, naye akaamua moyoni kutomsema mtu vibaya. Hiyo, alifundisha Papa, ni hatua katika utakatifu. Nasi tuna soko letu mkononi. Tusimjadili mwanajumuiya asiyekuwepo. Tusitume picha ya mgonjwa au ya maiti, wala kutangaza ugonjwa wa mtu bila ridhaa yake. Habari tusiyoihakiki tusiisambaze. Ugomvi wa wawili umalizwe na wawili faraghani, kama Bwana alivyoagiza (Mt 18:15).

Tuwakumbuke pia wasio na simu janja, hasa wazee. Mwaka 2019, katika ujumbe wake kwa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, Papa Fransisko alieleza kwamba mtandao hutufaa unapokamilisha kukutana ana kwa ana. Salamu ya simuni haichukui nafasi ya miguu yetu kufika mlangoni.

Kwa hiyo tunapendekeza viongozi wasiyazime mazungumzo, bali wayaongoze. Yakibidi, yawepo makundi mawili: moja la matangazo, jingine la maongezi. Na kila juma, jumuiya inapokutana kusali, mmoja akabidhiwe jukumu la kuuliza: nani hatujamsikia wiki hii? Kisha wawili watumwe kwenda kumwona kabla ya jua kuchwa.

Tumsifu Yesu Kristo.