Fahamu: Mahudhurio ya shule Rumonge

Mahudhurio ni hesabu ya siku ambazo mwanafunzi yupo darasani. Mwalimu huitunza kwa kuita majina. Burundi ilifuta karo ya shule ya msingi mwaka 2005, lakini kuandikishwa si kuhudhuria. Huko Rumonge, mji wa mawese na samaki kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, dagaa, ambao huitwa ndagala, huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kisha huanikwa asubuhi, saa zile zile kengele ya shule inapolia. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Mtoto anayesaidia kuanika huchelewa au hukosa kabisa, na daftari la mahudhurio haliandiki sababu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifurika, likazamisha nyumba za ufukweni. Familia iliyohama huhama na wanafunzi wake.