Tumbo lililokataa ngano

Saa moja asubuhi mtaani Makanyagio, Mpanda, harufu ya chapati inakufikia kabla hujauona moshi. Mama anayezipika tunafahamiana siku nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nikuwekee ngapi?"

"Chai tu, mama."

"Tupu? Chukua mbili, hela utaleta kesho."

Ugonjwa wangu unauma hasa hapo, pale mtu mwema anapodhani umefulia. Nikimweleza kwamba tumbo langu haliwezi ngano ananitazama kama niliyesema maji yananidhuru. "Basi kula moja tu," ananibembeleza, "moja haiui."

Haiui, kweli, ila inaumiza kwa siku kadhaa. Wataalamu wanauita ugonjwa huu seliaki. Si ule mzio wa kuvimba midomo ghafla, wala si madeko ya kuchagua vyakula. Ni kinga ya mwili kuugeukia utumbo mwembamba kila unapopita gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ukitaka kuiona gluteni kwa macho, chukua donge la chapati lililokandwa vizuri, ulioshe taratibu kwenye bakuli la maji. Wanga utatoka mweupe kama maziwa, na mkononi kitabaki kitu cha kunata, kinavutika kama ulimbo. Hicho ndicho kinachoifanya chapati isikatike inaposukumwa. Kwa mwenye seliaki, hicho hicho ndicho kinachochochea mwili kuviharibu vijinyweleo vya ndani ya utumbo, vile vinavyofyonza chakula. Mtu anakula na kushiba, huku mwili unabaki na njaa: damu inapungua, uzito unashuka, mifupa inadhoofika, na kama ni mtoto, hakui.

Mimi ulinianza kwenye damu. Nilimeza vidonge vya kuongeza damu hadi nikachoka, haipandi. Nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikapewa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo. Siwalaumu walionitibu. Huku kwetu anayeharisha na kuishiwa damu hushukiwa minyoo, malaria au kichocho kwanza, na mara nyingi anayeshuku hivyo hakosei. Aliyenifungua macho ni daktari mmoja kijana, mbali na Mpanda, aliyeniuliza swali nisilowahi kuulizwa: "Kaka, asubuhi unakunywa chai na nini?" Nikamtajia mandazi, chapati, mkate, na jioni bia mbili. Akacheka, akaniandikia kipimo cha damu. Baadaye nikaingizwa kamera tumboni, kikakatwa kipande kidogo cha utumbo kikapimwe. Nilitoka na karatasi moja na amri moja: ngano basi, maisha yote. Dawa hakuna. Dawa ni chakula chenyewe.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani nao walihangaika sana kabla ya kufika hapo. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alikuwa akiwalisha ndizi watoto wenye ugonjwa huu, nao wakanawiri. Akaamini ndizi ndiyo inayoponya, kumbe kilichowasaidia ni mkate walioacha kula; waliporudishiwa mkate, ugonjwa ukarudi nao. Aliyekigundua kisa ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Den Haag, Uholanzi. Alianza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930, na majira ya baridi ya 1944 kuamkia 1945, njaa ya vita ilipoumaliza mkate mjini, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu, wagonjwa wake wadogo hawakuzidi kudhoofu kama ilivyotarajiwa kwa mtoto mwenye njaa. Utafiti wake aliutetea chuo kikuu mwaka 1950. Wakati huo, kule Karema kando ya Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, tabibu aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Malta, alikuwa bado hai baada ya kutibu watu wa ukanda huo kwa zaidi ya nusu karne. Wagonjwa wake walikula samaki, muhogo na mahindi. Sidhani kama alikutana na seliaki mara nyingi.

Maana ukiondoa kitafunwa, mkoa wetu wa Katavi ni nchi iliyoumbiwa mtu kama mimi. Mchele unatoka Kakese na bonde la Mpimbwe. Mahindi ndiyo usiseme. Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi miaka ya 1970, ugali wa muhogo ni chakula cha kila siku. Karema inatuletea migebuka na dagaa, Inyonga inatuletea asali. Ulezi, mtama, karanga, maharage, viazi vitamu, vyote havina gluteni. Ngano ndiyo mgeni. Inatufikia ndani ya mifuko ya viwandani, na sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania imevuka bahari. Huko Ulaya, mgonjwa mwenzangu ananunua kwa bei ya kukata maini pakiti ya unga maalumu, na akiigeuza nyuma kusoma anakuta ni mchele, mahindi na wanga wa muhogo. Muhogo uleule tunaouanika juu ya bati hapa.

Nilidhani basi nimemaliza kazi. Nikarudi kwenye viporo vya utotoni: kiazi kitamu cha kuchemsha kwa chai, ugali wa jana uliochomwa. Mwezi ukapita, tumbo likaanza kelele tena.

Mchawi alikuwa uji. Nilikuwa nanunua unga wa lishe, nikijua ni mahindi, ulezi, soya na karanga. Siku moja nikamuuliza muuzaji anachanganya nini. Akanihesabia kwa vidole, na cha tano kilikuwa ngano, "kwa ajili ya nguvu." Tangu siku hiyo nachanganya mwenyewe. Lakini kuchanganya mwenyewe kunakupeleka mashineni, na mashine haichagui. Aliyekutangulia akisaga lishe yenye ngano, vumbi lake linabaki kwenye kinu na linashukia kwenye debe lako. Unga unaoitwa usio na gluteni, kwa viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, hauruhusiwi kuzidisha miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Hiyo si hata ncha ya kijiko. Kwa hiyo nawahi mashineni asubuhi kabla ya wengine, natanguliza kilo mbili za mahindi zipite, na huo unga wa mwanzo nampa jirani. Kijana wa mashine alinidhania mchawi. Sasa ananipisha.

Mengine nimejifunza kwa kuumia. Vitumbua ni vya mchele, ila wapo wanaotia ngano kidogo ili vishikane. Kachori mara nyingi ni kiazi kilichovikwa koti la ngano. Mihogo ya kukaanga ni salama mpaka uone karai lake ndilo lililotoka kukaanga mandazi. Soseji, uliza. Bia ya shayiri nimeiacha, na hiyo, nakiri, niliililia kuliko chapati.

Kanisani nako kuna jambo. Hostia ni ngano. Vatikani ilitamka mwaka 2003 kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sakramenti. Yenye gluteni kidogo mno inakubalika, na asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Mkatoliki mwenye seliaki azungumze na paroko wake mapema, asingoje kujieleza mbele ya foleni.

Kigumu kuliko vyote kimebaki kilekile cha kwa mama wa chapati: mwenyeji wako. Huku kwetu, kukataa chakula cha mtu ni kumwambia humwamini. Msibani au ugenini, ukirudisha sahani watu wanatazamana. Wanawaza: pengine anaogopa kutiliwa kitu. Nimegundua kusema "sili hiki" hakutoshi, na kusema "gluteni" ni kupoteza muda. Nasema, "Shangazi, daktari amenikataza ngano, ila ugali wako siuachi," kisha nakula ugali mwingi kuliko wote. Hapo hakuna anayeuliza tena.

Nakuomba jambo moja wewe unayesoma huku ukishika tumbo. Usikimbilie kuacha ngano kesho asubuhi. Wengi wanaoharisha hawana seliaki, na aliyeacha ngano kabla ya kupimwa anaweza kupata jibu la uongo, kwa kuwa kipimo kinatafuta alama za vita ambavyo vimeshasimama. Endelea kula kama kawaida, nenda kwa daktari, mwambie damu yako haipandi na utaje neno seliaki. Ukikutwa nao, wapeleke na wanao, na wadogo zako, na wazazi kama wapo: katika kila ndugu kumi wa damu wa karibu wa mgonjwa, karibu mmoja huwa nao bila kujua.