Mwombaji Kazi wa Afya: Karatasi Inaposema Zaidi ya Mkono

Hospitali ya wilaya ikitangaza nafasi mbili tatu za mkataba kwa wauguzi, meza ya katibu wa afya hujaa bahasha kabla ya juma kwisha. Akizifungua, hudhani waombaji wote ni watoto wa mama mmoja: kila mmoja ni mchapakazi, kila mmoja anajituma, kila mmoja aweza kufanya kazi katika mazingira magumu pasipo kusimamiwa. Tangu programu za akili mnemba zilipoanza kuandika barua kwa niaba ya watu, lugha imekuwa laini zaidi na kufanana kumezidi. Anayetaka kuonekana katika rundo hilo hushawishika kuongeza sifa. Kwa mtumishi wa afya, hapo ndipo hatari inapoanza.

Kwa ajira za serikali nchini Tanzania, sifa hizo hata hazifiki mbali. Maombi yanayopitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira huchujwa kwanza kwa nyaraka: cheti halisi na si hati ya matokeo, leseni hai ya baraza la taaluma, majina yanayolingana tangu cheti cha kuzaliwa hadi kitambulisho cha taifa. Muuguzi hodari anaweza kuachwa kwa sababu jina la babu limeandikwa kwa herufi tofauti katika cheti cha kidato cha nne, naye hakusajili hati ya kurekebisha jina mapema. Ukali huo una historia yake. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wakiwa na vyeti vya kughushi.

Baada ya mchujo hubaki watu wenye nyaraka safi, na swali hugeuka: nani ameifanya kazi hii kwa mkono wake? Sentensi isemayo “nina uzoefu mkubwa wa wodi ya wazazi” haimjibu msaili chochote. Mwombaji anayeandika, mathalani, kwamba kwa miezi mitatu alizalisha akina mama 40 chini ya uangalizi wa mkunga, akashuhudia matukio mawili ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua lakini hakuyaongoza yeye, ametoa habari inayoweza kupimwa. Neno “nilishuhudia” likiwekwa mahali pake huipa nguvu “nilifanya” iliyo jirani yake. Daftari la kazi za vitendo lenye saini za wasimamizi, ambalo wengi hulitupa kabatini mara utarajali ukiisha, ndilo shahidi wa yote hayo.

Uongo wa karatasi hufichuka upesi katika usaili wa vitendo. Msailiwa hupewa mdoli wa mtoto mchanga na kuambiwa kwamba hapumui. Anatakiwa amkaushe, amsugue mgongo, na asipopumua aanze kumpumulisha kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ile ya kwanza ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu, kwa kasi ya mara 40 hivi kwa dakika. Aliyesoma tu hukumbuka namba. Aliyefanya hutazama kifua. Kisipoinuka, hukiweka kichwa upya, huibana barakoa vizuri, huangalia kama kinywa kimeziba. Ikiwa usaili haukuwa na mdoli, basi barua ndiyo iliyoaminiwa, na atakayeupima ukweli wake ni mama aliyefika saa nane za usiku katika zamu yenye muuguzi mmoja.

Lakini mkono usiotumika husahau, nao wahitimu wengine hukaa miaka wakisubiri tangazo. Kujitolea katika zahanati huuhifadhi ujuzi, na mwombaji aliyejitolea huwa na jambo la kusimulia lililotokea juzi, si la chuoni. Hata hivyo, ushauri huo hutolewa kirahisi mno na watu wenye mishahara. Asiye na nauli hawezi kujitolea, na ziko zahanati zilizozoea kumgeuza mhitimu kuwa mtumishi wa bure asiye na mwisho wa muda. Anayejitolea afadhali aombe barua yenye tarehe na orodha ya kazi atakazofanya, na msimamizi atakayemtilia saini.

Msimamizi huyo ndiye mdhamini wa kuandikwa katika wasifu, wala si mheshimiwa wa ukoo ambaye hajawahi kumwona mwombaji akifunga kidonda. Wapo waganga wafawidhi ambao, wakimpigia simu mdhamini, hawaulizi habari za tabia njema. Huuliza kama angemwachia mtu huyu zamu ya usiku peke yake, kisha hunyamaza na kusikiliza jibu litachukua muda gani kutoka.