Ushuru, Vyumba vya Kupangisha na Pesa za Uzeeni: Hesabu za Mtu wa Katito

Sheria ya ushuru wa mapato nchini Kenya haizitazami shilingi zote kwa jicho moja. Shilingi ya mshahara, ya kodi ya nyumba, ya duka, ya hatifungani na ya shamba lililouzwa kila moja ina kifungu chake. Shilingi ileile inaweza kukatwa asilimia 30 ikipitia njia moja, na isikatwe hata senti ikipitia nyingine. Kuficha mapato ni kosa la jinai, lakini kuchagua njia iliyofunguliwa na sheria yenyewe ni haki ya kila mlipa ushuru. Utajiri wa mtu wa kipato cha kawaida hujengwa kwa kuitumia haki hiyo mapema, kisha kuiachia miaka ifanye kazi yake.

Hesabu hizi huonekana vizuri Katito, soko la Nyakach katika kaunti ya Kisumu, ambako barabara itokayo Ahero hugawanyika, moja ikielekea Sondu na nyingine Kendu Bay na Homa Bay. Mahali kama hapo kaya moja huishi kwa riziki za namna kadhaa. Mume ana mshahara, mke ana duka, kuna vyumba vichache vya kupangisha karibu na steji, na nyumbani kuna shamba na ng'ombe. Kila riziki huwa na mlango wake wa ushuru, na anayezichanganya zote pamoja hulipa zaidi ya inavyopasa au hujikuta na deni asilolitarajia.

Mshahara ndio wa kwanza, kwa kuwa ushuru wake hukatwa kabla mwenyewe hajauona. Mfano ni mfanyakazi wa kampuni ya kibinafsi anayepata Sh60,000 kwa mwezi, kwa viwango vilivyotumika 2025. Hazina ya kitaifa ya uzeeni, NSSF, huchukua asilimia 6, yaani Sh3,600. Bima ya afya ya jamii, SHIF, huchukua asilimia 2.75, yaani Sh1,650. Makato ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani Sh900. Tangu Desemba 27, 2024, makato yote matatu huondolewa kwanza kabla ya ushuru kupigwa, kwa hiyo kinachotozwa ni Sh53,850. Katika pesa hizo, Sh24,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Jumla hufika karibu Sh10,938, kisha nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 huondolewa, na serikali hubaki na karibu Sh8,538.

Shilingi za mwisho katika mshahara huo ndizo za kuangaliwa, maana ndizo zinazokatwa asilimia 30. Sheria inaruhusu hadi Sh30,000 kwa mwezi za michango ya pensheni zisitozwe ushuru, kiwango kilichopandishwa kutoka Sh20,000 mnamo Desemba 2024. Mfanyakazi wa mfano huu ametumia Sh3,600 tu za NSSF, kwa hiyo bado ana nafasi ambayo watu wengi hawajui kwamba wanayo. Akiongeza Sh5,000 kila mwezi katika mpango wa pensheni uliosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni, RBA, ushuru wake hupungua kwa Sh1,500. Mshahara anaopeleka nyumbani hupungua kwa Sh3,500 tu, ilhali akiba yake imeongezeka Sh5,000. Hakuna biashara Katito wala Kisumu inayompa mtu faida ya namna hiyo siku ileile anapoweka pesa.

Kazi kubwa hufanywa na miaka. Sh60,000 kwa mwaka zikikua kwa wastani wa asilimia 8 kwa miaka 25 hufika takriban Sh4.39 milioni, wakati mchango wa mwenyewe ni Sh1.5 milioni. Anayechelewa miaka 10 akachangia miaka 15 tu hufikisha karibu Sh1.63 milioni. Amejibakizia Sh600,000 za michango na kukosa zaidi ya Sh2.7 milioni. Tangu marekebisho hayohayo ya 2024, malipo ya pensheni hayatozwi ushuru kwa aliyefikia umri wa kustaafu uliowekwa na mpango wake, aliyeacha kazi kwa ugonjwa, au aliyekaa kwenye mpango kwa miaka 20. Anayechomoa akiba yake mapema kila anapobadilisha kazi huikosa nafuu hiyo, na huyo ndiye anayefika uzeeni mikono mitupu ingawa alikatwa kila mwezi.

Walimu na watumishi wengine wa serikali kuu waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa katika mpango wa pensheni ya kuchangia Januari 1, 2021. Wao hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali huongeza asilimia 15. Mwalimu wa Nyakach mwenye nafasi iliyobaki chini ya Sh30,000 anaweza kuijaza kwa mpango wa mtu binafsi.

Kwa mwenye mapato yasiyozidi Sh24,000 kwa mwezi, nafuu ya kibinafsi huwa imeumaliza ushuru wote, kwa hiyo mchango wa pensheni haumpunguzii chochote upande huo. Bado anahitaji akiba. Mpango wa Mbao, ulioanzishwa 2011 kwa watu wa jua kali, ulichukua jina lake kutoka Sh20 ambazo mtu aliombwa aweke kwa siku. Lakini anayeshawishiwa kununua mpango kwa sababu ya nafuu ya ushuru asiyoistahili amedanganywa. Hali ni karibu hiyo kwa bima ya maisha na ya elimu ya miaka 10 au zaidi, ambayo nafuu yake ni asilimia 15 ya malipo, isiyozidi Sh5,000 kwa mwezi. Ni nafuu ya kweli, ila kwa aliye katika kiwango cha asilimia 30 pensheni humrudishia mara mbili.

Riba ya mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe pia huondolewa kwenye mapato, hadi Sh30,000 kwa mwezi, na tangu Sheria ya Fedha ya 2025 nafuu hiyo inahusu hata mkopo wa kujenga. Kwa Nyakach hilo ni jambo kubwa, kwa sababu wengi hapa hujenga kwenye ardhi ya ukoo badala ya kununua nyumba iliyokwisha jengwa. Sharti ni kwamba mkopo utoke kwa mkopeshaji anayetambuliwa na sheria, kama vile benki. Riba ya mkopo wa chama, kile ambacho Waluo hukiita nyoluoro, haihesabiwi hata kama kila tofali limejengwa nao.

Vyumba vya kupangisha ndivyo vyenye mtego mkubwa zaidi. Kodi ya nyumba za makazi inayozidi Sh288,000 kwa mwaka lakini isiyopita Sh15 milioni hutozwa asilimia 7.5 ya pesa zote zilizopokewa. Kiwango kilishushwa kutoka asilimia 10 kuanzia Januari 1, 2024. Matengenezo, mlinzi wala riba ya mkopo havipunguzwi, na malipo hufanywa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye vyumba vinane vya Sh3,500 hukusanya Sh336,000 kwa mwaka na kulipa Sh25,200. Chumba kikikaa wazi miezi mitatu halipi ushuru wa miezi hiyo, kwa kuwa kinachotozwa ni kodi iliyopokewa.

Wengi huamini kwamba chini ya Sh288,000 hakuna ushuru. Imani hiyo ina asili yake. Sh288,000 zikitozwa asilimia 10 hutoa Sh28,800, ambazo ndizo nafuu ya kibinafsi ya mwaka mzima. Kwa mjane ambaye vyumba sita ndiyo riziki yake pekee, kweli hakuna cha kulipa. Lakini mfanyakazi wa Sh60,000 amekwisha tumia nafuu yake kwenye mshahara. Vyumba vyake sita vikimpa Sh252,000, kiwango cha asilimia 7.5 hakimhusu, na kodi hiyo inaingia kwenye hesabu za mwaka pamoja na mshahara. Akiondoa gharama zinazoruhusiwa za Sh52,000, zinabaki Sh200,000, na ushuru wa asilimia 30 unakuwa Sh60,000. Mwenye vyumba vinane anamzidi mapato na analipa chini ya nusu ya ushuru huo. Hii ndiyo sheria ilivyo, na anayejenga hatua kwa hatua anapaswa kuijua kabla hajaamua kusimama kwenye chumba cha sita.

Hesabu inaweza kugeuka. Aliyejenga vyumba vinane kwa mkopo wa benki wenye riba ya Sh280,000 kwa mwaka hubaki na kidogo sana, na bado njia ya asilimia 7.5 inamdai Sh25,200. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa ushuru kwamba amechagua kutozwa kwa njia ya kawaida, ambako riba na gharama huondolewa kwanza. Barua hiyo haina maana bila risiti.

Duka lina mlango wake. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni na yasiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo, kiwango cha tangu Julai 2023. Duka linalouza Sh90,000 kwa mwezi linafika Sh1,080,000, na ushuru wake ni Sh32,400. Kama faida ni shilingi 10 katika kila 100, yaani Sh108,000 kwa mwaka, serikali imechukua asilimia 30 ya faida. Mwenye duka huyohuyo asiye na mapato mengine angechagua njia ya kawaida, asilimia 10 ya faida ingekuwa Sh10,800, na nafuu ya kibinafsi ingeifuta yote. Uamuzi huo nao huombwa kwa maandishi, na hauwezekani kwa anayeweka hesabu kichwani. Daftari la mauzo na ankara za kielektroniki za eTIMS za kila bidhaa iliyonunuliwa ndivyo vinavyompa haki ya kuuchagua. Kwa mwenye faida nono, asilimia 3 ndiyo nafuu.

Pesa zinapokwisha patikana, kila mahali pa kuziweka pana ushuru wake. Akaunti ya akiba inayotoa riba ya asilimia 4 hukatwa asilimia 15 ya riba hiyo na kubaki na asilimia 3.4. Serikali imeiwekea Benki Kuu lengo la mfumuko wa bei la asilimia 5, kwa nafasi ya 2.5 juu au chini. Bei zikipanda kwa kiasi hicho cha katikati, pesa zilizolala benki hupungua kila mwaka ingawa tarakimu zinaongezeka. Gawio la hisa za Sacco au za kampuni hukatwa asilimia 5 na hapo ushuru umekwisha. Riba ya hatifungani ya serikali hukatwa asilimia 15, au 10 ikiwa ni ya miaka 10 au zaidi. Ile ya miundombinu haikatwi kitu. Hatifungani ya miundombinu iliyouzwa Februari 2024, ya miaka minane na nusu, ilitoa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka bila ushuru. Viwango kama hivyo havitokei kila mwaka, lakini mlango wenyewe uko wazi kwa yeyote mwenye akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu, mfumo wa kununulia hatifungani ulioanza 2023.

Ardhi hupendwa Nyakach kuliko vyote, na kwa sababu nzuri, lakini nayo hudaiwa inapouzwa. Ushuru wa faida ya kuuza mali ulisimamishwa 1985, ukarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na ukapandishwa hadi 15 Januari 2023. Umesamehewa shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya mji, ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi Sh3 milioni, na nyumba ambayo mwenyewe ameishi kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza. Ploti ya Kisumu iliyonunuliwa Sh600,000, ikajengwa vyumba kwa Sh1.9 milioni na kuuzwa Sh4.5 milioni ina faida ya Sh2 milioni na ushuru wa Sh300,000. Aliyepoteza risiti za saruji, mabati na fundi hana ushahidi ila wa bei ya ploti, na hudaiwa Sh585,000. Kukosa sanduku la makaratasi kumemgharimu Sh285,000.

Kuna pia Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za mwaka uliotangulia. Kila mwenye PIN aliye na wajibu huo huwasilisha, hata kama mwajiri alikwisha kata kila kitu, na kuchelewa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000.

Kenya haina ushuru wa urithi, ulifutwa 1982. Mali inayopita kwa warithi kwa njia ya mirathi haitozwi pia ushuru wa faida. Kinachoila mali ya marehemu ni karatasi. Ardhi ambayo hatimiliki yake ingali kwa jina la babu haiwezi kuuzwa kihalali, kugawanywa wala kuwekwa rehani hadi mirathi ipite mahakamani, na kila kizazi kinachosubiri huongeza idadi ya warithi wanaopaswa kukubaliana. Pensheni hufuata njia nyingine. Hailipwi kupitia mirathi, bali kwa watu ambao mwanachama aliwaandika kwenye fomu ya uteuzi. Wafanyakazi wengi huijaza fomu hiyo wiki ya kwanza kazini, kabla ya ndoa na watoto, wakiandika mama au kaka. Ikiwa haikubadilishwa, hiyo ndiyo fomu ambayo wadhamini wa mpango wataifungua kwanza, hata baada ya miaka 30 ya michango.