Kusoma Ujerumani na Kuwafahamu Wenyeji Wake

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kwenda kusoma katika chuo kikuu cha Ujerumani hupata uhuru mkubwa wa kusafiri, kwa sababu kibali cha ukaazi anachopewa kwa ajili ya masomo humruhusu kuingia katika nchi nyingine za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti katika mipaka baina yao, na kukaa huko kwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180 bila kuomba viza nyingine. Wengi huutumia uhuru huo kwa kuhesabu miji: Paris wakati wa Pasaka, Prague mwisho wa wiki, Roma likizo ikianza. Hamu hiyo haina ubaya, lakini anayeifuata peke yake aweza kumaliza miaka miwili ya shahada ya uzamili akiwa amepiga picha katika nchi kumi, na asiwe amewahi kuketi mezani nyumbani kwa Mjerumani hata mmoja. Miji huonwa na mwenye tiketi. Wenyeji hufahamika kwa mtu anayerudi mahali pale pale mara kwa mara mpaka wakamzoea.

Watu wa Ulaya wenyewe waliliona jambo la vijana kusoma ugenini kuwa zito kiasi cha kuliwekea mpango rasmi. Mwaka 1987 ulianzishwa mpango wa Erasmus, unaokumbusha jina la mwanachuoni Erasmus wa Rotterdam, ambaye maisha yake ya usomi yalimpitisha katika nchi nyingi, na katika mwaka wa kwanza wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11 walikwenda kusoma kwa muda katika vyuo vya nchi nyingine. Tangu hapo walionufaika wamefikia mamilioni. Hata hivyo, kasoro moja inajulikana na kila aliyeishi katika mji wa chuo: wageni hupangiwa mabweni yale yale, hufuata masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, na husafiri pamoja, hivyo Mtaliano hurudi kwao akiwa na marafiki wengi Wahispania na Wapolandi, na Wajerumani wawili au watatu tu. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukabiliwa na hali kama hiyo pale anapowapata watu wa kwao, ambao katika mwezi wa Novemba, jua linapotua kabla ya saa kumi na moja jioni na baridi kuingia mifupani, huwa faraja isiyo na mfano. Ni haki yake kuwaendea, ila asiishie kwao.

Fedha pia huamua mengi. Ili apate viza, mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba anaweza kujikimu, na njia iliyozoeleka ni akaunti maalumu ya benki ambamo huwekwa fedha za mwaka mzima na kutolewa kwa mafungu ya kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho kimekuwa euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Baada ya kodi ya chumba, bima ya afya na chakula, kinachobaki ni kidogo, na ijapokuwa tangu Machi 2024 sheria humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi hadi siku nzima 140 kwa mwaka, saa anazozitumia kuosha vyombo mgahawani ni saa zilizotolewa katika masomo yake.

Hata hivyo, uhaba huu una faida ambayo wenye fedha huikosa. Mei 2023 Ujerumani ilianzisha tiketi ya mwezi, Deutschlandticket, iliyouzwa kwa euro 49 na baadaye kupandishwa bei, nayo humwezesha mtu kupanda mabasi, tramu na treni za mikoa nchi nzima, na vyuo vingi huwapatia wanafunzi wao tiketi ya namna hiyo kwa bei nafuu. Haitumiki katika treni za mwendokasi, kwa hiyo mwanafunzi husafiri na treni za polepole, zile zinazosimama katika stesheni ndogo. Anayetoka Leipzig kwenda Dresden kwa treni ya mkoa hupita Wurzen, Oschatz na Riesa, na humo ndani huketi pamoja na watoto wa shule, mafundi wanaotoka kazini, na wazee waliovaa viatu vizito wanaokwenda kutembea milimani. Kutoka Dresden treni nyingine hufuata mto Elbe hadi Rathen na Bad Schandau, penye majabali marefu ya mchanga mgumu na njia za miguu zilizowekewa alama miaka mingi iliyopita, na hapo mgeni hugundua jambo la ajabu: Wajerumani wale wale ambao mjini hupishana kimya bila kutazamana, wakikutana kwenye kijia cha msituni husalimiana wote, mkubwa kwa mdogo. Hapo ndipo mahali pepesi zaidi pa kuanzisha mazungumzo na mtu asiyejulikana, na wanafunzi wengi hupita miaka bila kuambiwa.

Maisha ya nyumbani hufundisha zaidi ya safari yoyote. Wanafunzi wengi wa Kijerumani huishi katika nyumba ya kushirikiana, ambayo wenyewe huiita WG, ambamo kila mtu ana chumba chake na wote hutumia jiko na bafu moja. Anayetaka kuingia huitwa kwanza, huketishwa jikoni na kuulizwa maswali, kwa kuwa wakaazi ndio wanaomchagua mwenzao. Mlangoni mwa jokofu hubandikwa karatasi yenye majina kwa kushuka na wiki kwa kwenda kando, na katika kila chumba cha jedwali imeandikwa zamu: jiko, bafu, sakafu, takataka. Karatasi chakavu hutupwa katika pipa la buluu, vifungashio katika pipa la njano, maganda na mabaki ya chakula katika pipa la kahawia, na chupa zilizolipiwa amana hurudishwa dukani. Mwenzake akimwambia waziwazi kwamba zamu yake imepita na bafu bado chafu, kijana aliyelelewa katika adabu ya kulizungukia neno kabla ya kulisema huweza kuona ametukanwa, hali kwa wenzake jambo limekwisha mara tu liliposemwa, na jioni ile ile watamkaribisha chai. Hapo yafaa naye ajibu kwa ukarimu wa kwao, kwani sufuria moja ya pilau Jumamosi hufungua milango ambayo Kijerumani chake cha mwezi wa tatu hakiwezi kuifungua.

Nje ya nyumba, mlango mkuu wa jamii ya Kijerumani ni Verein, yaani chama cha hiari kilichoandikishwa kisheria, ambacho huhitaji wanachama wasiopungua saba ili kusajiliwa. Karibu kila kitu kina chama chake: kandanda, kwaya, sataranji, kupanda milima, hata zimamoto, kwa kuwa katika vijiji na miji midogo moto huzimwa na raia wanaojitolea. Mwanafunzi anayejiunga na timu ya daraja la chini hukutana na watu wale wale kila Jumanne na Ijumaa, na kukutana huko kwa mazoea ndiko kunakozaa urafiki katika nchi ambayo watu wake hawaharakishi kumwita mtu rafiki.

Miongoni mwa vyama hivyo, vile vya bustani vinastahili kutajwa zaidi. Mwaka 1864 mjini Leipzig kiliundwa chama kilichopewa jina la marehemu Schreber, daktari wa mji huo, ambacho kwanza kilihusika na uwanja wa michezo ya watoto, kisha pembeni yake zikachipuka bustani za familia. Desturi hiyo ikaenea, na leo pembezoni mwa miji ya Ujerumani kuna maelfu kwa maelfu ya vipande vya ardhi vinavyokodishwa kwa wakaazi wasio na uwanja. Sheria imeweka kwamba kipande kisizidi meta za mraba 400, na kwa desturi theluthi moja hutakiwa kupandwa mboga na matunda. Wengi wa wenye bustani hizo ni wazee, migongo yao imechoka, na Julai na Agosti huwa na mamumunye na nyanya nyingi kuliko wanavyoweza kula. Mwanafunzi aliyekulia shambani Njombe au Kisii, ambaye anajua kushika jembe na kupalilia bila kukata mizizi, ana ujuzi unaothaminiwa hapo kuliko cheti chake, na mazungumzo juu ya mbolea na konokono wanaokula majani humfundisha Kijerumani ambacho hakimo katika vitabu vya kozi.

Kukutana huku kwa Waswahili na Wajerumani nchini Ujerumani si jambo jipya. Tangu miaka ya 1890 Berlin ilikuwa na walimu wa Kiswahili kutoka pwani yetu, mmoja wao Amur bin Nasur wa Zanzibar, na baada yake Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903. Mtoro alioa mke Mjerumani, na alipotaka kurudi naye Afrika Mashariki mwaka 1905, serikali ya kikoloni ilimzuia. Akarejea Ujerumani, akaishi kwa kufundisha na kutoa mihadhara, na akafariki Berlin mwaka 1927. Maisha yake yaonyesha kwamba mgeni huweza kukubaliwa na watu na bado kukataliwa na dola.

Ubaguzi haujakoma, na msafiri mweusi hana budi kuufahamu. Polisi wa shirikisho wana mamlaka ya kukagua vitambulisho ndani ya treni, na tangu Septemba 2024 ukaguzi umerejeshwa katika mipaka yote ya nchi kavu ya Ujerumani, kwa hiyo pasipoti na kibali cha ukaazi havina budi kubebwa hata kwa safari fupi. Lakini sheria pia ina upande wa pili. Mwanafunzi Mjerumani mweusi aliyekaguliwa ndani ya treni kati ya Kassel na Frankfurt mwaka 2010 alifungua kesi, na mwaka 2012 mahakama ya juu ya utawala mjini Koblenz ikaonyesha kwamba kumchagua mtu kwa rangi ya ngozi yake kunakwenda kinyume na katiba inayokataza ubaguzi. Mwenye kukaguliwa anaweza kuuliza kwa utulivu sababu ya kukaguliwa, na ushahidi wa abiria aliyeketi jirani huwa na uzito.

Upo pia mtaji ambao mwanafunzi husahau kwamba anao, nao ni Kiswahili chenyewe, kinachofundishwa katika vyuo vikuu vya Leipzig, Bayreuth, Hamburg, Köln na vinginevyo. Wanafunzi wa masomo hayo hutafuta mtu wa kuzungumza naye katika utaratibu uitwao tandemu, ambapo wawili hukutana kila wiki na kugawana saa, nusu kwa lugha ya huyu na nusu kwa lugha ya yule. Mara nyingi ni mwenza huyo, au mzee wa bustanini, anayemwalika mgeni nyumbani kwao jioni ya tarehe 24 Desemba, saa ambazo maduka yamefungwa, mabweni ni matupu, na kila familia imejikusanya. Mwaliko huo hautolewi ovyo. Anayeupokea hutakiwa kufika kwa wakati, kuuliza mapema kama viatu huvuliwa mlangoni, na kuchukua zawadi ndogo. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi chakula cha jioni hiyo ni saladi ya viazi na soseji, ambazo kwa kawaida huwa za nguruwe, Mwislamu asione haya kumweleza mwenyeji wake siku chache kabla, ili soseji za kuku zinunuliwe maduka yakiwa bado wazi.